Nirudishe Uliponitoa: Vita ya Miaka 60 Kuhusu Kasa

Hii stori inahusu kile kimstari kidogo kinachowaka na kuzima kwenye skrini yako. Kwa Kiswahili cha kompyuta kinaitwa kasa. Tulia, si yule kasa wa baharini kule Watamu. Namaanisha ile alama inayokuambia herufi yako ijayo itakaa wapi. Kila mtu aliyewahi kuandika kitu kwenye kompyuta ama simu anaijua, na karibu hakuna anayeifikiria mpaka siku inapopotea.

Kupotea kivipi? Chukua mfano huu. Unaandika programu, uko laini ya 412 kwenye faili la laini 900. Katikati ya kazi unabonyeza kitufe kinachoendesha skripti ndogo, tuseme ya kufuta nafasi tupu zilizoachwa mwishoni mwa laini. Skripti inamaliza kabla hujapepesa macho. Poa sana. Lakini sasa wewe uko laini ya 897, unaangalia kitu hukuwa unakiangalia, na lile wazo ulikuwa nalo kichwani limeyeyuka. Ni kama kupanda matatu ya kwenu halafu inakushusha steji ya mwisho ju dere ana shughuli zake huko.

Wengi wakipatwa na hii husema kihariri kimeharibika. Mimi nabisha. Hicho kitu hakijaharibika, kinafuata sheria iliyowekwa kwa makusudi, na watu wenye akili sana, kwa mashine ambazo hazikuwa hata na skrini. Na tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 60, waandishi wa programu wamekuwa wakipigana na swali moja: ukiingia kwenye maandishi ya mtu kufanya kazi, unamrudisha vipi pale ulipomkuta?

Kasa ilipokuwa nambari tu

Twende MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kuna kompyuta inaitwa PDP-1, na kuna jamaa anaitwa Dan Murphy. Programu za wakati huo zilitobolewa kwenye utepe wa karatasi. Ukikosea, unarekebisha utepe. Murphy akaandika programu ya kurahisisha hiyo kazi, akaiita TECO. Herufi mbili za kwanza za hilo jina zilisimama kwa utepe na kuhariri.

Ndani ya TECO kulikuwa na kitu kinaitwa nukta. Ukiandika alama ya nukta, mashine inakuelewa unamaanisha "mahali nilipo sasa hivi". Na mahali hapo palikuwa nambari: herufi ngapi zimepita tangu mwanzo wa maandishi. Kama nukta ni 300, uko katikati ya herufi ya 300 na ya 301. Basi. Hakuna kimstari kinachowaka.

Kwa hivyo kuhifadhi mahali ilikuwa rahisi. Uliandika .UA, maana yake chukua nukta uiweke kwenye kisanduku A. Ukimaliza mizunguko yako unaandika QAJ, yaani soma kisanduku A unirukishe hapo. Herufi sita kwa jumla, umerudi nyumbani.

Lakini hapo kuna mtego, na mtego huu utatufuata mpaka leo. Tuseme ulikuwa kwenye 300. Skripti yako ikafuta nafasi tupu 40 zilizokuwa juu yako. Neno ulilokuwa unaandika sasa limesogea, liko kwenye 260. Kisanduku A bado kinasema 300. Ukirudi, umepita kwenu kwa herufi 40. Nambari haijui kwamba dunia imebadilika. Ni kama kumwelekeza mtu "nyumba ya kumi kutoka kona" halafu nyumba nne za kwanza zibomolewe kupisha barabara. Maelekezo ni yaleyale, lakini mgeni atabisha hodi kwa jirani.

1969: karatasi haina macho

Sasa tuhamie Bell Labs, jimbo la New Jersey, mwaka wa 1969. Mzee Ken Thompson anajenga mfumo tutakaokuja kuuita Unix. Anahitaji kihariri, anaandika kimoja chenye jina la herufi mbili tu: ed.

Ili umwelewe ed, lazima uone mashine zake. Watu walikaa mbele ya kitu kama taipureta kilichounganishwa na kompyuta. Ile maarufu zaidi, Teletype Model 33, ilichapa herufi 10 kwa sekunde. Kumi! Ukurasa mzima wa maandishi ungekula dakika kadhaa na kelele ya kutosha kuamsha ploti nzima. Kwa hivyo ed hakukuonyesha kitu chochote mpaka umwombe. Unaandika amri, anafanya, ananyamaza.

Fikiria hali hiyo. Umemwambia abadilishe neno fulani kwenye faili lote. Amefanya. Utajuaje kama amefanya vizuri? Huoni chochote. Jibu la ed lilikuwa hili: baada ya kubadilisha, "mahali ulipo" panakuwa laini ya mwisho iliyobadilishwa. Ukibonyeza herufi p pekee, inachapwa ile laini, unaiangalia, unatulia. Unaona ujanja? Kukuhamisha ilikuwa huduma. Ilikuwa risiti.

Ed alikuwa pia na uwezo wa kutia alama kwenye laini kwa amri ya k na herufi moja, ndiyo uweze kuirudia baadaye. Lakini kurudi ilikuwa juu yako. Kawaida yake ilikuwa kukuacha pale kazi ilipoishia.

Sasa rudi kwa mfano wangu wa laini ya 412 na ya 897. Ukitumia Vim leo na uendeshe amri ya kubadilisha kwenye faili lote, itakuacha kwenye laini ya mwisho iliyobadilishwa. Sheria ni ileile ya 1969. Imepita kutoka ed, ikaingia ex, ikaingia vi, ikaingia Vim, kama jina la babu linalorithishwa kwa wajukuu. Tatizo ni kwamba wewe una skrini. Huhitaji risiti. Unahitaji mahali pako.

Safari ya shule yenye mwalimu makini

Mwaka wa 1976, huko MIT tena, kikundi cha watu wakiwemo Richard Stallman na Guy Steele walikusanya makro za TECO wakaziunganisha kuwa kihariri kimoja. Kikaitwa Emacs. Ile nukta ya TECO ikabaki mpaka kwenye lugha: watumiaji wa Emacs hadi leo huita mahali pa kasa "point", na mwongozo wake unaeleza kwamba neno hilo limetokana na ile alama ya nukta.

Stallman alipotoa GNU Emacs mwaka wa 1985, ndani yake kulikuwa na lugha kamili ya kuandikia skripti, Emacs Lisp. Na kwenye lugha hiyo kuna agizo ninalolipenda kuliko mengi: save-excursion. Ile excursion ni matembezi, kama ile safari ya shule mliyopelekwa Fort Jesus ama Nakuru. Unaifunga funksheni yako ndani ya agizo hilo, funksheni inatembea inakotaka, inafuta, inaongeza, inaingia hata kwenye faili lingine. Ikimaliza, unarudishwa.

Mambo mawili yanafanya agizo hili liwe la maana.

La kwanza, halitumii nambari kavu. Linatumia kigingi. Emacs inapigilia kigingi kwenye maandishi yenyewe, na maandishi yakisogea, kigingi kinasogea nayo. Zile nafasi 40 zikifutwa juu yako, kigingi kinatoka 300 hadi 260 bila wewe kuhesabu. Mtego wa TECO umeteguliwa.

La pili, linakurudisha hata mambo yakiharibika. Funksheni ikikwama katikati kwa sababu ya kosa, bado unarejeshwa ulipokuwa. Huyu ni mwalimu ambaye hata basi likiharibika Gilgil, watoto wote watalala makwao. Programu nyingi zinajua kukurudisha kama kila kitu kimeenda vizuri. Zinazokurudisha baada ya ajali ni chache, na hapo ndipo unajua nani alikufikiria.

Hata hivyo lilikuwa na ukarimu kupita kiasi. Kwa miaka mingi save-excursion lilihifadhi pia alama ya pili ya mtumiaji, ile inayoonyesha eneo alilochagua linaanzia wapi. Mwaka wa 2016, kwenye toleo la 25.1, wakaamua agizo liache hiyo kazi, wakatengeneza lingine la kuifanya. Miaka 31 baada ya 1985, watu wazima bado wanajadiliana ni vitu gani hasa vinahesabika kuwa "mahali pako". Usidhani ni swali dogo.

Vi, Vim, na swali la macho

Upande mwingine wa Marekani, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Bill Joy alikuwa akiandika ex na vi kuanzia mwaka wa 1976. Kibodi aliyotumia ilikuwa ya terminali ya ADM-3A, ambayo mishale yake ilichorwa juu ya herufi H, J, K na L. Ndiyo maana mpaka leo wasee wa Vim wanatembea na herufi hizo nne badala ya mishale ya kawaida.

Vi ilikuwa na skrini, kwa hivyo kwa mara ya kwanza ukoo wa ed ukapata macho. Ukabonyeza m na herufi, umetia alama. Ukabonyeza ile alama ya nukuu iliyopinda pamoja na herufi hiyo, umerudi pale pale, laini na safu. Ukitumia ile iliyonyooka, unarudi kwenye laini tu.

Kisha akaja Bram Moolenaar, Mholanzi, aliyeanza kazi ya Vim mwaka wa 1988 kwenye kompyuta ya Amiga na kuitoa kwa umma mwaka wa 1991. Toleo la 5.0 la mwaka wa 1998 lilileta lugha ya skripti, na hapo vita ikaanza upya. Sasa kila mtu angeweza kuandika funksheni yake, na kila funksheni ingeweza kukutupa laini ya 897.

Ujanja wa kwanza wa watu ulikuwa kutumia alama. Mwanzoni mwa funksheni tia alama kwenye herufi z, mwishoni rudi kwa z. Inafanya kazi. Lakini je, kama mwenye kompyuta alikuwa ameweka z yake mahali pa maana? Umeifuta. Umeingia kwa mtu kupiga deki, ukamtolea kitabu alichokuwa amekunja ukurasa.

Ujanja wa pili ulikuwa kuhifadhi nambari ya laini na ya safu, halafu kuirudisha kasa hapo. Afadhali. Lakini jaribu uone: kasa inarudi laini ya 412 kweli, ila laini hiyo ambayo ilikuwa juu ya skrini sasa iko katikati. Kasa imerudi, macho yako hayajarudi. Bado unatafuta.

Vim 7.0 ya mwaka wa 2006 ilileta jozi ya funksheni zilizomaliza hiyo shida: winsaveview na winrestview. Ya kwanza inachukua picha ya dirisha lako lote: laini uliyopo, safu uliyopo, safu unayopendelea ukipanda na kushuka, na laini ipi iko juu kabisa ya skrini. Ya pili inarudisha vyote. Kwa hivyo ile skripti ya kufuta nafasi tupu inakuwa hivi:

function! FutaNafasi()
  let l:mahali = winsaveview()
  keeppatterns %s/\s\+$//e
  call winrestview(l:mahali)
endfunction

Laini ya kwanza ndani inakumbuka, ya pili inafanya kazi, ya tatu inarudisha. Mtu akitumia hii hataona kitu chochote kikisogea. Nafasi tupu zitapotea tu.

Lakini kuwa macho: picha ya Vim bado ni nambari, si kigingi. Kwa kufuta nafasi za mwisho wa laini haina neno, kwa sababu idadi ya laini haibadiliki. Funksheni yako ikifuta laini nzima 20 zilizo juu yako, utarudishwa laini ya 412 wakati kazi yako sasa iko laini ya 392. Mzee TECO anacheka kaburini.

Kidogo kuhusu Kibaale

Siwezi kumtaja Moolenaar kwa vijana wa hapa kwetu na nikanyamaza kuhusu hili. Ukifungua Vim bila faili, mara nyingi utaona ujumbe unaokuomba usaidie watoto maskini wa Uganda. Si mzaha, na si tangazo la mtu mwingine. Moolenaar alijitolea katika miaka ya 1990 kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania. Rakai ni eneo ambalo UKIMWI uliliumiza mapema na vibaya sana, na watoto wengi wakabaki bila wazazi. Aliporudi Uholanzi alianzisha shirika la ICCF Holland, na badala ya kuuza Vim akawaambia watumiaji: kama unaipenda, changia Kibaale.

Alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na miaka 62. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu jinsi Afrika Mashariki inavyotajwa kwenye skrini za dunia kwa neno "maskini" peke yake. Mimi ninayo, na siku moja nitayaandika. Lakini pia ukweli huu usipotee: programu inayotumiwa na wahandisi duniani kote imebeba jina la majirani zetu kwenye ukurasa wake wa kwanza, na wengi wetu tunaifunga haraka ju hatujui vile ya kutoka.

Leo: usipake rangi nyumba yote

Siku hizi vita imehamia kwa programu za kupanga msimbo, zile unazohifadhi faili na ghafla kila kitu kinajipanga. Njia ya uvivu ni kutupa maandishi yote ya zamani na kumwaga mapya. Vigingi vyote vinang'oka kwa pamoja, kasa yako haina pa kushika.

Suluhisho ziko mbili, na zote ni za busara. Moja ni kulinganisha ya zamani na mapya, kisha kugusa tu palipo na tofauti. Emacs iliongeza funksheni ya namna hiyo kwenye toleo la 26.1 mwaka wa 2018. Kama shida ni ufa mmoja ukutani, ziba ufa, usipake rangi nyumba yote. Ya pili ni ya Prettier, programu maarufu ya kupanga JavaScript: kihariri kinaiambia "kasa ya mtu iko hapa", na yenyewe ikimaliza inajibu "kasa yake sasa inafaa kuwa pale". Inaulizwa swali, inajibu.

Na hata kama hujawahi kuandika laini moja ya programu, wewe pia unaishi ndani ya historia hii. Mnafanya kazi ya kikundi kwenye Google Docs. Mwenzako anaongeza aya tatu juu ya sentensi yako. Kasa yako inabaki kwenye sentensi yako, haikatishwi katikati ya neno. Nyuma ya hiyo kuna hesabu ambazo msingi wake uliwekwa na watafiti wawili, Ellis na Gibbs, kwenye karatasi ya mwaka wa 1989, kuhusu namna ya kurekebisha mahali pa kila mtu wakati wengine wanaandika. Ni lile tatizo la nyumba zilizobomolewa, sasa na watu kumi wakibomoa na kujenga kwa wakati mmoja.

Msimamo wangu

Tunapenda kusifu programu kwa kile inachofanya. Ni ya haraka, ina akili, inakuandikia barua. Mimi napendekeza tuanze pia kuipima kwa jinsi inavyotuacha. Anayeingia kwenye kazi yako, awe ni skripti ya laini tatu ama msaidizi wa akili bandia anayebadilisha faili zako 15 kwa mpigo, ana deni la kukurudisha pale alipokukuta, kazi ikifaulu ama ikifeli. Umakini wa mtu ni kitu kigumu kukijenga na rahisi kukibomoa, na kasa ndiyo kigingi chake cha mwisho kwenye skrini.

Jambo la pili: usidharau sheria ya zamani kabla ya kujua ilikuwa inajibu swali gani. Ken Thompson hakukosea mwaka wa 1969. Aliwaandikia watu wasioweza kuona. Sisi ndio tulipata skrini tukasahau kuuliza kama sheria bado inatufaa.

Kwa hivyo kama unajifunza kuandika programu, anza leo na hili. Chukua funksheni yoyote uliyoandika inayogusa maandishi ya mtu. Weka kasa katikati ya faili, kumbuka laini gani iko juu ya skrini, iendeshe. Kisha iharibu kwa makusudi iangukie katikati, uiendeshe tena. Kama mara zote mbili hukulazimika kutafuta ulipokuwa, umeandika kitu cha heshima. Kama ulilazimika, sasa unajua laini mbili za kuongeza.